Paka Mweupe wa Ankara na Siri ya Masikio Yake

Fikirini jambo hili. Paka dume mweupe kama pamba na paka jike mweupe vilevile wamezaa watoto wanne: watatu weupe, na wa nne mweusi kama makaa. Mwenye nyumba ashangaa: huyu ametoka wapi? Mmoja asema jike alitembea nje. Mwingine ataja uchawi. Sisi twasema: msihukumu upesi, kwani jibu laweza kuwa katika damu ya wazazi hao hao.

Twanena juu ya paka aitwaye Angora. Jina hilo ni la mji wa Ankara, katika nchi ya Uturuki, ambao zamani Wazungu waliuita Angora. Manyoya yake ni marefu na laini kama hariri. Rangi zake ni nyingi: weusi, wekundu, kijivu, tena mabaka. Lakini tangu zamani watu wamempenda yule mweupe kuliko wote.

Aliyetufungulia mlango wa elimu ya urithi ni mtawa, Padri Gregor Mendel wa shirika la Mtakatifu Augustino, katika mji wa Brno. Yeye hakuchungua paka. Alipanda njegere katika bustani ya monasteri, akazihesabu kwa uvumilivu mwaka hata mwaka, na mnamo 1866 akachapisha aliyoyaona. Wachache walimsikiliza. Alikufa mwaka 1884, na elimu yake haikutambuliwa mpaka mwaka 1900.

Neno lake ni hili: kwa kila sifa mtoto hupokea urithi mara mbili, mmoja wa baba na mmoja wa mama. Urithi huo leo huitwa jeni. Jeni moja yaweza kushinda, na nyingine kujificha bila kupotea. Weupe mtupu wa paka ni jeni inayoshinda: moja tu yatosha kufunika rangi zote, kama shuka nyeupe iliyotandikwa juu ya mkeka wa rangi. Basi, ikiwa wazazi weupe wawili wameficha kila mmoja jeni isiyo ya weupe, katika watoto wanne twatazamia mmoja kuipokea kutoka pande zote mbili. Huyo ndiye mweusi wetu. Manyoya marefu, kinyume chake, hujificha. Hata wazazi wenye manyoya mafupi waweza kuzaa mtoto mwenye manyoya marefu.

Kumbe, weupe huo una gharama yake. Chembe ndogo zinazotengeneza rangi hazifanyi kazi katika ngozi tu. Huhitajiwa pia katika jicho na ndani kabisa ya sikio. Jeni ya weupe huzizuia zisifike. Zikikosekana katika jicho, jicho huwa la buluu. Zikikosekana katika sikio, sikio hufa katika majuma ya kwanza ya maisha. Uchunguzi umeonyesha kwamba katika paka weupe 100 wenye macho mawili ya buluu, 65 hadi 85 ni viziwi. Wenye jicho moja la buluu, karibu 40. Wasio na jicho la buluu, 17 hadi 22.

Hapa ndipo penye hatari. Kiziwi wa masikio yote mawili hutambulikana: sahani yaanguka, naye alala tu. Lakini kiziwi wa sikio moja huishi kama wenzake. Watu humsifu kwa uzuri, humchagua kuwa mzazi, naye huwapa watoto wake weupe pamoja na uziwi. Kumpigia makofi hakutoshi, maana paka husikia mtikisiko kwa nyayo zake. Daktari wa wanyama anacho chombo cha kupima kila sikio peke yake. Kwa hiyo mfugaji mwenye busara hupima kwanza, wala haoanishi weupe kwa weupe.

Na aliye na paka kiziwi asimpige kwa kuwa haitiki anapoitwa. Huyo si mkaidi, hasikii. Amfuge ndani ya nyumba, mbali na magari na mbwa, amwite kwa ishara ya mkono. Sisi wanadamu tulimpendelea kwa ajili ya vazi lake jeupe. Basi ni wajibu wetu kumtunza pamoja na udhaifu tuliouzidisha sisi wenyewe.