Kishikwambi cha mwalimu Mpanda: Kinachowezekana hata pasipo na intaneti

BAADA ya makarani wa Sensa ya Watu na Makazi kumaliza kazi yao mwaka 2022, vishikwambi walivyovitumia havikuachwa vikae stoo. Mwishoni mwa mwaka huo Serikali ilianza kuvigawa kwa walimu wa shule za umma nchini, ili viwasaidie katika kufundisha na kujifunza.

Hivyo ndivyo chombo kilichohesabu watu kilivyoingia darasani. Na jina lake liliingia nalo, kwani kabla ya Sensa hiyo si wengi waliokuwa wakilitumia neno kishikwambi.

Kwa walimu wa Mkoa wa Katavi, ambao makao yake makuu ni mji wa Mpanda, matokeo ya Sensa yenyewe yalikuwa habari nzito kuliko chombo. Mwaka 2012, mkoa huo ulipomegwa kutoka Rukwa, ulihesabiwa kuwa na watu 564,604. Miaka 10 baadaye walikuwa 1,152,958. Ongezeko la asilimia 7.1 kwa mwaka liliuweka mbele ya mikoa mingine yote nchini.

Watu wanapoongezeka kwa kasi hiyo, watoto wao huja shuleni. Tangu Januari 2016, ada ilipoondolewa hadi kidato cha nne, hakuna mzazi mwenye sababu ya karo ya kumwacha mtoto nyumbani. Matokeo yake ni madarasa yaliyofurika, vitabu vya kugawana na mwalimu wa sayansi ambaye jaribio moja hulifanya mbele ya wanafunzi ambao nusu yao hawalioni.

Ni katika hali hiyo ndipo swali la teknolojia linapaswa kuulizwa. Swali si kama kishikwambi ni kizuri. Ni kazi gani hasa mwalimu wa Mpanda anaweza kuifanya nacho Jumatatu asubuhi, mtandao ukiwa unasuasua na bando likiwa limekwisha.

Chukua mfano wa mwalimu wa Fizikia anayefundisha mada ya umeme katika shule ya kata. Anahitaji betri, nyaya, balbu na mita za kupimia, vyote kwa idadi ya kutosha. Asipokuwa navyo, huchora sakiti ubaoni na wanafunzi huinakili kama wanavyonakili ramani ya Afrika.

Mwaka 2002, mwanafizikia wa Marekani Carl Wieman, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla, alianzisha katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder mradi uitwao PhET. Mradi huo hutengeneza majaribio ya sayansi na hisabati yanayofanyika juu ya kioo cha kompyuta au kishikwambi. Mwanafunzi huvuta betri kwa kidole, huunganisha waya na balbu ikawaka. Akiongeza betri, mwanga huongezeka. Akiunganisha waya moja kwa moja kutoka upande mmoja wa betri hadi mwingine bila balbu, moto hulipuka juu ya kioo, na hapo hahitaji kuambiwa mara ya pili maana ya shoti.

Majaribio hayo hutolewa bila malipo, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Lililo muhimu zaidi kwa Katavi ni kwamba mengi yake hupakuliwa kama faili moja dogo, ambalo baadaye hufunguliwa kwenye kivinjari bila intaneti yoyote. Mwalimu akiwa mjini penye mtandao mzuri anaweza kuyapakua, akayaweka kwenye memori kadi na kuwapa wenzake wa vijijini.

Tafsiri ya Kiswahili nayo si jambo la pembeni. Mtoto wa Tanzania katika shule ya msingi ya umma hufundishwa kwa Kiswahili, kisha akifika kidato cha kwanza masomo karibu yote hugeuka kuwa Kiingereza. Katavi mzigo huo una tabaka jingine. Wapo watoto wa wafugaji na wakulima waliohamia wakizungumza Kisukuma, na wapo wa Katumba na Mishamo, makazi yaliyopokea wakimbizi waliotoka Burundi kuanzia mwaka 1972, ambao nyumbani husikia Kirundi. Mtoto wa aina hiyo akiona balbu ikiwaka na kuzimika kwa mkono wake mwenyewe, dhana anakuwa nayo kabla ya neno la Kiingereza kumfikia.

Njia ya pili ni kuigeuza shule yenyewe kuwa na mtandao wake mdogo. Programu iitwayo Kolibri, iliyotengenezwa na shirika la Learning Equality la Marekani, huwekwa kwenye kompyuta mpakato moja. Masomo, video na mazoezi hupakuliwa mara moja tu. Baada ya hapo vishikwambi vilivyomo darasani huunganishwa na kompyuta hiyo kwa mawimbi ya Wi-Fi na kusoma kila kilichomo, pasipo shule kununua hata megabaiti moja. Programu ya Kiwix hufanya kazi inayofanana na hiyo kwa Wikipedia, ikiwamo ile ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003.

Zana za nyumbani pia zipo, ingawa nyingi huhitaji mtandao. Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vinavyosomwa bure. Baraza la Mitihani huweka kwenye tovuti yake mitihani iliyopita pamoja na uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Uchambuzi huo ni hazina isiyosomwa vya kutosha, kwa sababu unaonyesha swali kwa swali mahali ambapo watoto walikosea na sababu ya kukosea. Shule Direct, iliyoanzishwa mwaka 2013, huandaa masomo ya sekondari yanayofuata mtaala wa Tanzania.

Walimu wenyewe nao wanajifunza kwa chombo hicho. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, maarufu kama MEWAKA, huwakutanisha katika shule zao kujadili mada ngumu, na TET imeuwekea mfumo wa kujifunzia mtandaoni. Katavi ni miongoni mwa mikoa tisa ya mradi wa Shule Bora uliozinduliwa mwaka 2022 kwa ufadhili wa Uingereza, ambao umekuwa ukiunga mkono mafunzo hayo.

Hata hivyo, vikwazo havijifichi. Cha kwanza ni nishati. Kwa miaka mingi Mpanda ilipata umeme kutoka majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya Taifa, na shule iliyo mbali na nguzo hutegemea sola au duka la kuchajia simu. Kishikwambi kisicho na chaji ni kipande cha kioo tu.

Cha pili ni fedha. Bei ya vifurushi ni jambo linaloumiza Watanzania wengi. Aprili 2021 malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Serikali ilisitisha utaratibu mpya wa vifurushi muda mfupi tu baada ya kuanza. Mwalimu anapopakua somo kwa bando lake mwenyewe, huwa anachangia elimu ya umma kutoka mfukoni, na haifai jambo hilo kuonekana la kawaida.

Cha tatu hakisemwi sana. Ni rahisi mwalimu kupiga picha ya darasa au orodha ya alama na kuituma katika kundi la WhatsApp. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti. Alama za mtoto aliyeshika mkia si za kusambazwa kwa wazazi wa kijiji kizima.

Kuhusu namna ya kuanza, kishikwambi kimoja katika darasa kubwa kinatosha iwapo mwalimu atawagawa wanafunzi katika makundi: moja lishike chombo kwa dakika 10, mengine yafanye mazoezi ya daftari, kisha yabadilishane. Kabla kundi halijagusa kioo, liandike kwanza linadhani balbu itawaka zaidi au itafifia. Dakika 80 za vipindi viwili vilivyounganishwa zinatosha makundi sita, na zinabaki 20 za kulinganisha kilichoandikwa na kilichoonekana.