Wahamiaji Mjini na Dozi ya Miezi Sita

Je, miji iwapokee wahamiaji zaidi kutoka nchi maskini? Mjadala huu huendeshwa kwa lugha ya ajira na usalama. Wahudumu wa afya huuona kwingine: katika dozi ya kifua kikuu, ambayo kwa kawaida huchukua miezi 6.

Tutazame Eastleigh, Nairobi, waishiko Wasomali na Waethiopia wengi. Desemba 2012 serikali ya Kenya iliamuru wakimbizi wa mijini waende kambini. Mahakama Kuu ikaitengua amri hiyo Julai 2013. Aprili 2014 ukaja msako, maelfu wakakamatwa, na wengine wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Mgonjwa anayehofia kukamatwa njiani haji kliniki. Akikatiza dawa, vimelea vilivyosalia vyaweza kuwa sugu. Naye hulala chumba kimoja na wenzake na kupanda matatu pamoja na wenyeji.

Wapinzani hawasemi uongo: foleni ni ndefu, na dawa hazitoshi. Lakini mgeni asiyehesabiwa hapungui. Hukosekana tu kwenye bajeti. Uganda, ambayo Sheria yake ya Wakimbizi ya 2006 inawapa uhuru wa kutembea, huwatibu katika vituo vya serikali. Njia hiyo, kwa maoni yetu, ndiyo salama zaidi, ingawa fedha haziwi nyingi kamwe.

Nawe mgonjwa, ukilazimika kuhama kabla ya kumaliza dozi, omba barua ya uhamisho inayoonyesha dawa unazotumia na tarehe uliyoanza.