Herufi B Si ya Betri

Karibu kila mwenye Toyota Aqua, gari la haibridi, kati ya Kilifi na Malindi ameambiwa kwamba herufi B kwenye gia ni ya betri, na kwamba akiiweka gari litachaji zaidi. Si kweli. B hutumia mwendo wa gari kuizungusha injini bila petroli, mgandamizo wa hewa kwenye silinda ukawa breki. Sehemu ya nguvu ambayo ingeingia betrini hupotea hapo.

Hesabu ni rahisi. Betri ya Aqua ina takriban kilowati-saa 0.9, na kompyuta huruhusu sehemu tu itumike. Gari lenye abiria, tuseme kilo 1,300, likishuka mita 60 hutoa kilowati-saa 0.2 hivi, na si zote zinazookolewa. Kwa hiyo vilima vifupi vya Rabai, Ribe na Kambe havijazi betri iliyokuwa nusu. Mteremko mrefu wa Mai Mahiu ni habari nyingine: huko betri hujaa njiani na injini hunguruma. Huo si ugonjwa.

Kinachotisha kwenye vijia vya udongo mwekundu ni utelezi. Mota ya umeme, inayochaji betri kwa kuzuia mwendo, hushika magurudumu ya mbele tu. Gurudumu likipita juu ya jiwe au tope likateleza, kompyuta huiachisha mota na kuikabidhi kazi breki ya kawaida. Kwa kitambo kidogo sana mguu huhisi gari limechopoka. Hapo ndipo hutajwa majini wa mteremko, upuuzi unaomfanya dereva aachie pedali wakati hasa anaihitaji. Februari 2010 Toyota iliita magari zaidi ya 400,000 duniani, mengi yakiwa Prius, kwa sababu ya hali hiyohiyo kwenye njia mbovu au zenye barafu. Tiba ilikuwa programu mpya ya breki. Hakuna mganga aliyeitwa.

Basi mguu ukae pale pale kwenye pedali ya breki, imara. B iwekwe kileleni, gari likiwa bado polepole. Lakini chini ya kilomita 10 hivi kwa saa mota haizuii tena kitu cha maana na mzigo wote ni wa breki za kawaida. Kuweka N ili kuokoa mafuta ni hatari tupu: kwenye D, mguu ukitoka kwenye mafuta, petroli haichomwi mteremkoni, na mota bado inashika.

Pedi za haibridi huisha polepole, lakini pwani diski zisizofanya kazi sana hushikwa na kutu ya chumvi. Fundi azifungue azikague kabla ya masika, hata kama pedi bado ni nene.