Kabureta ya Land Rover ya guka: Ifungue kabla hujaitupa

Unaijua hiyo gari. Land Rover ya guka, Series III, ambayo siku hizi hutoka nje kukiwa na harusi au mazishi tu. Ukipiga starta inakohoa, inatapika moshi mweusi, na ukitoka Thika hadi Gatanga na kurudi, tangi tayari linalia njaa. Binamu anasema iuzwe kwa kilo kama chuma chakavu. Jirani anasema nunua kabureta mpya. Kabla hujatoa doo, ngoja kwanza.

Gari hiyo huenda ni mwenyeji kuliko wewe. Kiwanda kinachoitwa leo Kenya Vehicle Manufacturers (KVM) kilianzishwa hapa Thika mwaka wa 1974 kikiitwa Leyland Kenya, na Land Rover ni kati ya magari yaliyounganishwa humo. Kwa hivyo si ajabu ikirudi kutengenezwa Kiandutu, mtaa ambao jina lake linatokana na neno la Kikuyu la funza, na ambao watu huutaja wakizungumzia shida tu. Ujuzi pia uko huko. Kijana anayefungua kabureta ya boda kila siku ameshajua nusu ya kazi hii.

Kazi ya kabureta ni moja: kuchanganya petroli na hewa. Hewa ikipita kwenye koo jembamba hukimbia kasi, shinikizo hushuka, na petroli huvutwa kupitia tundu dogo la jeti. Injini hutaka takriban gramu 15 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Petroli ikizidi, unaona moshi mweusi na plagi zenye masizi.

Lakini usikimbilie kulaumu kabureta. Angalia kwanza chujio la hewa, plagi, pointi na pengo za vali. Wengi wamenunua kabureta mpya kumbe chujio ndilo lilikuwa limeziba vumbi.

Kama hayo yote yako sawa, chomoa waya wa betri na ufanyie kazi mahali wazi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hivyo hushuka na kutambaa chini. Pale nyumba za mabati zimebanana na mama jirani anapika kwa jiko, cheche moja inaweza kumaliza ploti nzima. Na hii tabia ya kunyonya petroli na kupuliza jeti kwa mdomo, acha. Petroli ni sumu. Tumia pampu ya baiskeli au kompresa.

Injini nyingi za petroli za lita 2.25 kwenye Series III zilikuja na kabureta ya Zenith 36 IV. Piga picha kwa simu kila unapotoa kitu, halafu panga skrubu kwenye kifuniko kwa mpangilio uliozitoa. Usichokore jeti kwa waya. Jeti ni shaba nyororo. Ukiikwangua, tundu linapanuka na gari itakula mafuta zaidi ya ilivyokuwa. Iloweshe, kisha ipulize.

Tikisa floti karibu na sikio. Ukisikia maji maji ndani, imevuja, haielei tena, na ndiyo sababu petroli inafurika. Badilisha pia vali ya sindano, kwani ikichakaa haifungi vizuri.

Sasa siri ambayo wazee wanaijua: Zenith hii hupinda. Uso ambapo sehemu ya juu na ya chini zinakutana hukunjika kwa joto na kwa kukazwa kupita kiasi, kisha petroli hupenya njia isiyo yake. Unaweza kubadilisha kila jeti na moshi usiishe. Weka msasa laini juu ya kipande cha kioo, uuloweshe, kisha sugua uso huo polepole kwa mzunguko wa namba 8 hadi uwe sawa kote. Weka gasketi mpya na ringi mpya ya mpira. Kaza skrubu kidogo kidogo, kwa kupokezana. Usionyeshe misuli.

Ukirudisha, funga skrubu ya mchanganyiko taratibu hadi iguse, irudishe mzunguko mmoja na nusu, washa, na uirekebishe injini ikiwa imepata moto. Baada ya safari, toa plagi. Rangi ya chai ya maziwa ni habari njema.

Je, ni lini ununue nyingine? Shika shafti ya kipepeo cha hewa uitikise. Ikicheza sana, hewa inaingia pembeni na sailensa haitatulia hata usafishe mara 10. Hapo ni fundi wa leti aweke bushi, au ubadilishe. Wengi huweka Weber 34 ICH, ambayo hubana mafuta lakini hupunguza nguvu kidogo mlimani. Jihadhari na nakala za bei ya chini: zingine huja zimepinda kutoka dukani.

Utaniuliza, magari mapya yana injeksheni, mambo ya kabureta ya nini? Angalia boda, jenereta na pampu za kunyunyizia mashamba. Angalia pia wenye magari ya kale: tangu 2003 kuna East African Safari Classic Rally, mbio za magari ya zamani. Watu hao hulipa fundi anayejua.

Wanaozijua injini hizi kwa sikio wanazeeka, na wengi hawakuandika popote. Kaa karibu na mmoja wao, shika tochi, uliza maswali. Kisha peleka mikono yako kwa mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia Gredi ya 3, ili ujuzi wa Kiandutu uwe na cheti mkononi. Land Rover ya guka itakuwa mwalimu wako wa kwanza, na hadai karo. Inadai petroli tu, na ukimaliza, haitadai nyingi.