Ida Lupino, Mchezaji Aliyeshika Hatamu

Miongoni mwa wanawake waliopata jina katika sinema za Marekani, ni wachache mno waliothubutu kutoka mbele ya kamera wakaenda kusimama nyuma yake, na katika hao wachache mimi simwoni anayestahili heshima kumshinda Ida Lupino, aliyezaliwa London mwaka 1918 katika aila iliyorithishana uchezaji wa jukwaani.

Alifika Hollywood mwaka 1933, angali kigoli, na baadaye akaingia mkataba na kampuni ya Warner Bros., ambayo, kwa ada ya zama zile, ndiyo iliyomchagulia mchezaji filamu za kucheza. Na kila alipoikataa sehemu aliyoiona haina maana, alisimamishwa kazi. Nyakati hizo hakuzipoteza kwa manung'uniko, bali alizitumia kuwatazama waongozaji na wahariri wa filamu kazini mwao, akaipata kwa macho ilimu ambayo hapana aliyekusudia kumfundisha.

Mwaka 1949, yeye na mumewe, Collier Young, walikuwa wakitengeneza filamu zao wenyewe. Mwongozaji wa Not Wanted, ambayo Ida alishiriki kuiandika, alishikwa na maradhi ya moyo kazi ikiwa mbichi, basi Ida akaiongoza hadi tamati bila ya kujitangaza kuwa ndiye mwongozaji. Hadithi yake ni ya msichana aliyezaa nje ya ndoa. Ikafuata Never Fear, juu ya ugonjwa wa kupooza, ambao yeye mwenyewe ulimpata ujanani. Kisha Outrage, ya 1950, juu ya dhiki ya msichana aliyenajisiwa, jambo ambalo kanuni za udhibiti hazikuruhusu hata litajwe kwa jina lake. Wengine wangaliyafanya haya kuwa tamasha la kuvutia umati. Yeye aliutazama moyo wa aliyedhulumiwa, na taratibu zake za kurudi tena kati ya watu.

Walakini ustadi wake haukudhihirika popote kama katika The Hitch-Hiker, ya 1953, iliyotokana na habari ya kweli ya muuaji aliyeua watu 6. Wamo marafiki wawili, gari, jangwa, na mtu mwenye bastola waliyempa lifti, ambaye jicho lake moja halifumbi hata alalapo, hivyo mateka wake hawajui lini wathubutu kukimbia. Aliyedhani kwamba mwanamke hawezi ila visa vya mapenzi alipata jawabu yake humo, maana hofu ya wanaume wale imechunguzwa kwa undani ambao waongozaji wengi wa siku zile hawakuufikia.

Mwaka huo huo aliongoza The Bigamist, naye mwenyewe akiwa mmoja wa wake wawili wa mtu mmoja, na baadaye akaongoza michezo mingi ya televisheni.

Alifariki mwaka 1995. Miaka 3 baadaye, The Hitch-Hiker iliingizwa katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Ni ya dakika 71 tu, na mwenye wasaa na aitazame.