Betri ya gari haifi ghafla, hutoa ishara

UKIMWULIZA mwenye gari ni lini alipobadilisha oili ya injini, atakujibu bila kusita. Mwulize sasa betri yake ina umri gani, na huenda akakuna kichwa. Betri hukaa kimya chini ya boneti, haidai chochote, na kwa sababu hiyo husahaulika hadi asubuhi ile gari linapokataa kushika, watoto wakiwa wamekwisha kuketi ndani na sare zao za shule.

Hapo ndipo utamsikia mtu akilalamika kuwa betri yake imekufa ghafla. Ukweli, msomaji, ni kwamba ni nadra betri kufa ghafla. Dalili ya mvua ni mawingu, na betri inayoelekea kukata roho mara nyingi huonyesha mawingu hayo kwa siku nyingi, pengine hata miezi. Anayezijua dalili hizo hununua betri nyingine kwa wakati wake, baada ya kuulizia bei katika maduka mawili au matatu. Asiyezijua huinunua usiku kando ya barabara, kwa bei ya mtu anayejua kuwa mteja wake hana la kufanya.

Hudumu miaka mingapi?

Betri ya kawaida ya gari hudumu kati ya miaka 3 na 5. Kuna zinazopita hapo, na kuna zinazoshindwa mapema, kulingana na joto la mahali, namna gari linavyoendeshwa na jinsi betri yenyewe inavyotunzwa.

Mtu anayenunua gari jipya kabisa anaweza kuanza kuhesabu siku alipolitoa dukani. Kwetu Kenya hesabu hiyo ni ngumu. Magari mengi ya familia huja yakiwa yamekwisha kutumika, hasa kutoka Japani, na sheria yetu imekuwa ikiruhusu gari lenye umri usiozidi miaka 8. Je, betri utakayoikuta ndani ni ya nani? Huenda ni ile ile ya kiwandani. Huenda iliwekwa na aliyekuwa na gari hilo kabla yako. Isitoshe, imekaa melini na bandarini kwa wiki kadhaa bila kuchajiwa, jambo ambalo betri hailipendi hata kidogo.

Kwa hivyo, usiulize gari ni la mwaka gani tu. Fungua boneti utafute tarehe ya betri. Baadhi ya viwanda huichapa waziwazi. Vingine hutumia herufi ya mwezi na tarakimu ya mwaka: A ni Januari, B ni Februari, C ni Machi, kwa hivyo C4 yaweza kuwa Machi 2024. Usipoielewa, mwombe muuzaji wa betri akusomee. Ikiwa imepita miaka 3, anza kuipima kila unapoipeleka gari huduma.

Kwa nini huchoka

Betri ya gari ni jambo la zamani. Mfaransa Gaston Planté aliivumbua betri ya risasi na tindikali mnamo 1859, na hadi leo kanuni ni ile ile. Ndani ya kasha mna seli 6, kila moja ikitoa takriban volti 2.1. Kila seli ina mabamba ya madini ya risasi yaliyozama katika tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji.

Unapotumia umeme, chumvi fulani ya risasi hujipaka juu ya mabamba. Unapochaji, chumvi hiyo huyeyuka na kurudi ilikotoka. Lakini betri ikiachwa bila chaji kwa muda mrefu, chumvi hiyo hugandamana kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Ukoko huo hautoki tena, na sehemu ya bamba uliyoifunika haifanyi kazi.

Adui mwingine ni joto. Joto hukausha maji ya betri na kuyala mabamba haraka. Ndiyo sababu betri ya gari linaloshinda juani Mombasa, Kisumu au Garissa haitarajiwi kudumu kama ya gari la Limuru. Wakazi wa Nairobi hulaumu baridi ya Julai, kwa kuwa ndipo magari mengi hukataa kuwaka asubuhi. Baridi kweli hupunguza nguvu za betri na kuifanya oili iwe nzito, lakini mara nyingi uharibifu wenyewe ulifanyika zamani, wakati wa jua kali la Februari na Machi. Joto huua, baridi hutangaza matanga.

Halafu kuna mwendo wetu wa mjini. Kila unapopiga stata, betri hutoa umeme mwingi kwa mkupuo, na huhitaji mwendo wa kutosha ili kuurudisha. Gari linalotoka Buruburu hadi katikati ya jiji likitambaa katika msongamano, taa zimewashwa, feni na redio vinafanya kazi, huirudishia betri umeme kidogo tu. Mambo huwa mabaya zaidi kwa gari linaloendeshwa Jumapili pekee kwenda kanisani na kurudi.

Dalili za kuangalia

Kwanza, sikiliza stata. Ikiwa injini iliyokuwa ikishika mara moja sasa inazunguka kivivu, kama mtu anayeamshwa usingizini, betri inakuomba uitazame. Ukisikia tik-tik-tik na injini haizunguki, nguvu zimekwisha au nyaya zimelegea.

Pili, tazama taa. Washa taa kubwa ukutani usiku kisha upige stata. Taa kufifia kidogo ni kawaida, lakini zikikaribia kuzimika, betri ni dhaifu.

Tatu, saa ya gari au redio ikisahau mambo yake kila unapowasha injini, ujue umeme unashuka kupita kiasi.

Nne, tumia macho na pua. Kasha lililovimba ubavuni ni la kubadilishwa, halina dawa. Harufu ya yai bovu ina maana kwamba betri inachemka kwa chaji nyingi au imeharibika ndani. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri huzuia umeme kupita, ingawa huo husafishika.

Tano, hesabu mara ulizoomba msaada. Kuchajiwa na jirani mara moja kwa kuwa ulisahau taa usiku kucha si ugonjwa. Mara tatu kwa mwezi ni ugonjwa.

Betri au alteneta?

Hapa ndipo familia nyingi hupoteza pesa. Gari limekataa kushika, fundi anasema nunua betri, unanunua, na baada ya wiki moja uko pale pale. Kumbe kosa lilikuwa la alteneta, kifaa kinachoichaji betri injini inapozunguka. Taa nyekundu yenye picha ya betri ikiwaka kwenye dashibodi ukiwa njiani, mshuku kwanza huyo, pamoja na mkanda wake.

Kipimo chenyewe ni rahisi, na fundi yeyote wa umeme wa magari ana mita ya volti. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa na yenye afya husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, ikisoma 12.2 imebaki nusu, na ikifika 12.0 iko karibu kuisha. Kisha washa injini. Kwa magari mengi mita inapaswa kupanda hadi kati ya 13.7 na 14.7. Isipopanda, usinunue betri, shughulikia alteneta. Ikipanda vizuri lakini asubuhi betri iko chini tena, huenda betri yenyewe haishiki chaji, au kuna kitu kinachonyonya umeme usiku.

Hata hivyo, kumbuka kwamba betri inaweza kuonyesha volti nzuri ikiwa imetulia na bado ikashindwa kuizungusha stata. Mwombe fundi aipime ikiwa imebebeshwa mzigo. Na kabla ya yote hayo, akaze vichwa vya betri. Wakati mwingine tiba ni spana tu.

Ikikuacha njiani

Wengi wamezoea kwamba gari likikataa, vijana wanasukuma. Hilo hufaa gari la gia za mkono. Magari mengi ya siku hizi ni otomatiki, na hayo hayawashiki kwa kusukumwa. Weka nyaya za kuazima chaji ndani ya buti. Funga waya mwekundu kwenye kichwa cha kujumlisha cha betri iliyokufa, halafu kwenye kile cha betri nzima. Waya mweusi uanze kwenye kichwa cha kutoa cha betri nzima, na ncha yake ya mwisho ifungwe kwenye chuma cha injini ya gari lililokwama, mbali na betri. Betri hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka, kwa hivyo cheche isitokee karibu nayo, na sigara usiiwashe. Tindikali ikikurukia, osha kwa maji mengi papo hapo, na ikiingia machoni nenda hospitali.

Kwa betri zinazoongezwa maji, tumia maji ya betri yanayouzwa petroli steshi. Maji ya mfereji yana chumvi, na kuongeza tindikali huziharibu.

Kununua na kutupa

Unaponunua, soma namba za betri yako. Kwa mfano, katika 55D23L, 23 ni urefu wake kwa sentimita, na L huonyesha upande uliko kichwa cha kujumlisha. Ukipewa R, huenda nyaya zisifike. Gari linalojizima lenyewe kwenye taa za barabarani huhitaji betri maalum, na ukiliwekea ya kawaida itachoka upesi. Dai risiti na kadi ya dhamana, na uandike tarehe juu ya kasha kwa kalamu isiyofutika.

Betri kuukuu nayo usimwachie mtoto aichezee wala usiimwage nyuma ya nyumba. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua gharama yake. Kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu karibu na makazi yao, ambacho kilifungwa 2014, kiliwaachia sumu ya risasi, na watoto wakaathirika. Mnamo 2020 mahakama iliamua walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, na baada ya uamuzi huo kubatilishwa kwenye rufaa, Mahakama ya Juu iliurejesha Desemba 2024.

Kwa hivyo irudishe betri ya zamani kwa muuzaji. Wengi wao hukupunguzia bei ya mpya ukiwapa ya zamani, maana risasi iliyomo bado ni mali. Na leo jioni, kabla hujafunga lango, fungua boneti umwonyeshe mtoto wako ile tarehe. Pengine ataikumbuka kukushinda.