Vigogo wa Mafunjo: Rekodi za Ndege wa Maji, Kuanzia Kihanga

Karagwe husifiwa kwa kahawa na ndizi. Sasa shuka kutoka Kihanga kuelekea Mto Kagera, ukutane na mabingwa wanaopigania ubingwa wa dunia wakiwa wamesimama kwenye tope.

1. Adimu kuliko wote: korongo nyangumi

Kimo chake hufika mita 1.4, sawa na mtoto wa darasa la nne. Akikunjua mabawa anapima hadi mita 2.6. Mlaze juu ya paa la Coaster, na ncha za mabawa zitatokeza pande zote mbili! Mdomo una urefu wa hadi sentimita 24, na nchani una ndoana ya kumkamatia kamongo. Hana papara: akiruka hupiga mabawa kama mara 150 tu kwa dakika, miongoni mwa mapigo ya polepole kabisa kwa ndege. Akiwinda, husimama kama sanamu mpaka mtazamaji achoke.

Wako wangapi? Makadirio ya kimataifa yanataja kati ya 3,300 na 5,300 waliokomaa. Uwanja wa Kaitaba, Bukoba, huingiza watu wapatao 5,000. Wape korongo nyangumi wote waliokomaa duniani tiketi, na huenda viti vingine vikabaki wazi. Ng'ambo ya Kagera, katika Hifadhi ya Akagera nchini Rwanda, huonekana kwa nadra. Asiyetaka kubahatisha sana aende kinamasi cha Mabamba, Uganda, ambako watu huwafuata kwa mtumbwi.

2. Mkubwa katika ukoo wa yangeyange: Goliathi

Jina limemfaa. Hakuna ndege wa ukoo huo anayemzidi duniani: kimo hadi mita 1.5, mabawa hadi mita 2.3. Kwa urefu anamshinda hata bingwa wetu wa kwanza.

3. Bingwa wa mayai: korongo taji

Dunia ina aina 15 za jamii yake, na kwa wastani wa mayai katika tago moja huyu anaongoza: kwa kawaida mawili hadi manne. Tena, yeye na ndugu yake mweusi ndio pekee katika jamii hiyo wanaolala juu ya miti, kwa sababu kidole cha nyuma ni kirefu na hushika tawi. Pamoja na mayai yote hayo, tangu 2012 yumo katika orodha ya walio hatarini kutoweka.

4. Helikopta nzito: mdiria mweusi na mweupe

Si adimu, ila rekodi yake ni adimu. Kwa kawaida hafikii gramu 100, lakini hakuna ndege mkubwa kuliko yeye anayeweza kuning'inia angani kwa muda bila kusaidiwa na upepo.

5. Uwanja mpana kuliko yote nchini: Malagarasi-Moyovosi

Kusini mwetu, kinamasi hiki kilichoingia orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000 kina takriban kilomita za mraba 32,500. Rwanda nzima, na milima yake yote, ina 26,338. Korongo nyangumi wamo humo pia.

Kwa jirani zaidi, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe zimekuwa hifadhi za taifa tangu 2019. Fika alfajiri, beba darubini, punguza sauti. Na ukikuta kiota cha korongo taji bondeni, mayai yaache hapo hapo.